Mama, Ninyi Leo Mnakula Nini?



Ukifika Mpanda na hamu ya mgebuka, tazama kwanza mwezi. Mgebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, kwa taa. Wavuvi wa Ikola na Karema husukuma vyombo vyao giza likishaingia, huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, na migebuka wakawafuata dagaa, maana dagaa ndio chakula chao. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haiiti kitu, samaki wametawanyika, na wavuvi hubaki ufukweni wakishona nyavu. Siku hizo za mbalamwezi, huku mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka ziwani, mama lishe wa Ilembo atakuambia: "Mgebuka hakuna, subiri giza." Mgeni asiyejua atadhani anafanyiwa uvivu. Kumbe amepewa taarifa kamili ya ziwa, bure, kabla hata hajakaa kwenye benchi.

Naanza na samaki huyu kwa sababu nimechoka kusikia maneno fulani. Nimeyasikia ndani ya mabasi, nimeyasikia kwa watumishi waliohamishiwa Katavi, nimeyasikia hata kwa vijana waliozaliwa hukohuko: "Mpanda hakuna chakula, ni chipsi tu." Mtu amekaa Mpanda juma zima, asubuhi chai na mkate, mchana wali nyama, usiku chipsi mayai, kisha anapanda basi akisema mji hauna ladha. Mimi nasema mji unayo, tena nyingi kuliko miji mingine mikubwa inayosifiwa. Ila chakula chenyewe hakiandikwi kwenye ubao. Kinaliwa nyuma ya kibanda, na wale wanaokipika.

Ilembo ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ni kata ya watu wa kila namna: wafanyakazi wa ofisi, wafanyabiashara wa mpunga, wachimbaji wadogo wa dhahabu waliokuja mjini kuuza na kula, madereva wa malori, bodaboda, wanafunzi. Na penye watu wa namna hiyo pana mama lishe. Kibanda cha bati, mabenchi mawili, meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki, ndoo ya maji yenye koki kwa ajili ya kunawa, na majiko ya mkaa yaliyopangwa kwa mpangilio ambao mwenyewe tu ndiye anaujua. Ukiuliza kuna nini, jibu linakuja mbio: "Wali nyama, wali maharage, wali samaki, ugali nyama, ugali dagaa, chipsi ipo." Jibu hilo ni sawa kutoka Tunduma mpaka Tanga. Ndilo jibu la mteja.

Mimi nilijifunza swali jingine. Nilimsalimu mama mmoja mtu mzima, mwenye kibanda chake pale Ilembo, wakati wateja wa mchana wamepungua na yeye na wasaidizi wake wanataka kukaa nao wale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wali umekwisha, ugali upo."

"Asante, mama. Ninyi wenyewe leo mnakula nini?"

Akaniangalia, akawaangalia wenzake, wakacheka. "Sisi? Sisi tuna udaga na mlenda tu. Hicho si chakula cha mgeni."

"Basi nipimieni kidogo."

Alisita. Akasema atanikaangia yai. Nikamwomba tena, kwa heshima, asinihurumie. Ndipo wakasogea, nikapata nafasi kwenye mkeka, na sinia likawekwa katikati. Ugali wa udaga, mweupe wa kijivu, unaovutika ukiumega. Mlenda uliopikwa na karanga zilizotwangwa. Pembeni dagaa wakavu waliokaangwa kwa mawese mpaka wakalia chini ya jino. Wasikilizaji, nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani. Sikuwahi kula chakula kilichopangwa kwa akili kama kile: mlenda unateleza, udaga unashika, dagaa wanavunjika, na uchachu mdogo wa muhogo unaifungua ladha ya mawese.

Tukae kidogo kwenye udaga, maana una kazi ndani yake. Muhogo unamenywa, unalowekwa kwenye maji siku kadhaa mpaka ulainike na kuchacha, unatolewa, unasagika kwa mkono, unaanikwa juani, ndipo unatwangwa au kupelekwa mashineni. Kuloweka huko si mapambo. Mihogo mingi inayotoa mavuno makubwa ni ile michungu, yenye sumu, na maji pamoja na uchachu ndivyo vinavyoitoa sumu hiyo. Wanawake wa ukanda huu wamekuwa wakiifanya kazi hiyo ya kemia vizazi na vizazi, na ladha ya uchachu tunayoifurahia ni ushahidi kwamba kazi imefanyika. Ukiharakisha, unamdhuru mlaji. Kwa hiyo chakula hicho, ambacho yule mama alikionea haya, kimemgharimu muda kuliko sahani yoyote ya chipsi.

Na muhogo huo unatoka wapi? Mwingi unatoka Katumba na vijiji vya huko. Hapa kuna historia ambayo lazima itajwe kwa heshima. Mwaka 1972 mauaji makubwa ya Burundi yaliwafukuza watu wengi kutoka kwao, wakavuka kuja Tanzania. Serikali iliwapa ardhi: Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, maeneo yote mawili yakiwa wakati huo katika Wilaya ya Mpanda, na Ulyankulu kule Tabora. Walikuta pori la miyombo. Wakalima muhogo, maharage, mahindi na tumbaku, wakalisha miji iliyowazunguka. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Leo ukila Ilembo maharage yaliyoungwa kwa mawese, au kisamvu kilichotwangwa kikaiva mpaka kikawa laini kama siagi, unakula kitu kilicholetwa kichwani na mtu aliyekimbia usiku bila mzigo. Mapishi hayahitaji begi. Ninapomwona kijana wa mjini akiyaita "chakula cha kambini" kwa dharau, moyo unaniuma. Hicho ni chakula cha Watanzania wenzake, na kwa miaka mingi ndicho kilichojaza soko la mji wake.

Mji wenyewe ni wa waliofika. Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, nayo haikujengwa kwa ajili ya abiria wala mahindi. Ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Ule mgodi ulifungwa hata kabla ya Uhuru. Reli ikabaki, na pamoja nayo ikabaki desturi ya kula njiani. Yeyote aliyewahi kupanda treni ya Mpanda anajua vituo vyake kwa vyakula: kuku wa kuchemsha kwenye beseni, viazi vitamu, karanga, mayai, asali kwenye chupa zilizowahi kuwa na kitu kingine. Sasa ipo lami ya kutoka Tabora kupitia Sikonge, na barabara ya kutoka Sumbawanga, mabasi yanakimbia, na wengi hawana habari ya treni tena. Lakini akina mama waliojifunza biashara kwenye madirisha ya mabehewa ndio waliofundisha binti zao, na binti hao ndio wenye vibanda leo.

Kabla ya reli palikuwa na wenyewe: Wabende, Wakonongo, Wapimbwe. Na mtu akikuuliza kwa nini meza yao ya asili haina nyama nyingi ya ng'ombe kama ya Shinyanga, mwambie habari ya mbung'o. Pori hili ni makao ya mbung'o, ambao huua ng'ombe kwa nagana na kumletea binadamu malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika, ikawakusanya kwenye makazi makubwa ili kuukwepa ugonjwa huo. Watu wasioweza kufuga ng'ombe walijenga chakula chao juu ya vitu vingine: samaki, kuku, karanga, mboga za porini, uyoga, matunda kama furu na mbula, na asali. Na chumvi yao ilikuwa ya Uvinza, upande wa kaskazini, ambako maji ya chemchemi za chumvi yamekuwa yakichemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Hayo yote bado yanapatikana mjini. Ila ni lazima uyaulize.

Halafu wakaja Wasukuma. Kuanzia miaka ya 1970 familia za wafugaji zilishuka na mifugo yao kuelekea bonde la Rukwa, pori likafyekwa, mbung'o wakapungua, na chakula kikabadilika. Walileta maziwa ya mgando, walileta nyama, na walileta michembe na matobolwa. Kwa msikilizaji wa pwani ambaye hajavila: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikiwa vibichi, vikaanikwa, matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Matobolwa unayatafuna hivyohivyo, ni matamu, yanavutika kama halua iliyokauka. Michembe inapikwa, na ikipikwa na karanga za kutwanga, asubuhi, pamoja na kikombe cha maziwa ya mgando, sioni mkate wa dukani unaingiaje tena katika mjadala huu.

Mchele, sitasema mengi. Mchele wa Katavi unajisemea wenyewe. Mwamkulu, Kakese, na Mpimbwe kote wanalima mpunga, mashine za kukoboa zinanguruma mjini msimu wa mavuno, na malori yanaupeleka mikoa mingine. Omba mchele wa Supa uliovunwa msimu huohuo, upikwe kwa maji na chumvi na mafuta kidogo, basi. Usiombe pilau. Viungo vitaifunika harufu yake.

Nirudi kwenye samaki, maana hapo pana jambo la kutafakari kwa mlaji. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kulipumzisha ziwa, na kwa upande wetu uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Yule mama wa Ilembo aliniambia miezi ile ilikuwa migumu: wateja walikuwa wakikaa, wakiuliza mgebuka, wakiinuka. Alipika maharage, alipika kuku wa kienyeji, akapunguza bei ya ugali. Lakini hakulalamikia kufungwa kwa ziwa. Alisema hivi: "Dagaa walishakuwa wadogo mno, mwanangu. Tulikuwa tunakula watoto." Mimi sikumwongezea neno. Mtu anayemchambua dagaa kila siku kwa vidole vyake anajua hali ya ziwa kwa namna yake, na taarifa ya mtaalamu inapomfikia inamkuta tayari anajua.

Nawaomba wageni wajifunze kumtazama dagaa. Yule aliyeanikwa juu ya kichanja cha wavu ni msafi, ana rangi ya fedha, na tumbo halijapasuka. Yule aliyeanikwa chini ana mchanga, na mchanga huo hautoki wote hata ukiosha mara ngapi. Tofauti ya bei ipo, na inastahili. Ukilipa ile ya juu kidogo unamlipa mtu aliyejenga kichanja. Na mgebuka akiwa mbichi, mpende aliyekaangwa mkavu kwanza, kisha akatumbukizwa kwenye rojo la nyanya, kitunguu na mawese kidogo. Aliyekaushwa kwa moshi ni habari nyingine kabisa. Huyo anataka karanga.

Sasa uyoga. Hapa niruhusuni nizungumze kwa kirefu.

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Mvua za kwanza zikishalowesha pori, utaona akina mama na watoto kando ya barabara na ndoo na mabeseni ya uyoga: wa njano, mwekundu wa machungwa, mweupe mkubwa wa kwenye vichuguu. Huu wa vichuguu unalimwa na mchwa ndani ya ardhi, na mvua ndiyo inayoutoa nje. Lakini ule wa njano na mwekundu una siri nyingine. Unaishi kwenye mizizi ya miti ya miyombo yenyewe. Uyoga unaupa mti maji na madini kutoka kwenye udongo maskini, mti unaupa uyoga sukari kutoka kwenye majani. Ndiyo sababu hakuna aliyefanikiwa kuulima bustanini kama tunavyolima mchicha. Hauko bila mti wake. Na mti ule unakatwa. Unakatwa kwa ajili ya mkaa, ukiwemo mkaa wa majiko yaleyale ya vibanda ninavyovisifu, na unakatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku, zao linaloleta fedha nyingi katika mkoa huu. Kila bani la tumbaku linakula magogo. Sisemi mkulima aache tumbaku kesho. Ana karo ya kulipa. Nasema tu kwamba pori linapohesabiwa, lihesabiwe kwa ndoo za uyoga na madebe ya asali pia, si kwa kuni peke yake. Familia nyingi hula mboga ya uyoga wakati ghala limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa, yaani miezi ile migumu ya Desemba na Januari. Uyoga huwajia wakati ambao hawana kingine.

Mapishi yake ni rahisi. Unaoshwa sana, kwa maji mengi, maana mchanga unajificha chini ya kofia. Unachemshwa kidogo, unamwagwa maji ya kwanza, unaungwa kwa kitunguu na nyanya, kisha karanga zilizotwangwa. Kula na ugali wa ulezi wa Kifipa ukiupata, ule mwekundu mzito. Wafipa wako wengi mjini Mpanda, ni majirani wa kusini, na wengine wanapika ulezi nyumbani huku wakiuza sembe kibandani. Na kwa mgeni: usiokote uyoga mwenyewe porini. Nunua kwa wanaoujua, ule unaokwenda sokoni. Uyoga wa kuua upo, tena mzuri wa sura.

Asali ni jambo la mkoa mzima. Inyonga, kule Mlele, ni nchi ya warina asali, na mizinga ya magogo inaning'inia mitini kwa wingi. Asali nzuri huja mvua zikishapita na kiangazi kinapoanza, maua ya miyombo yakiwa yameshafanya kazi yake. Ipo nyeusi, ipo ya kahawia, ipo nyepesi, kutegemea mti uliochanua. Asali yenye harufu kali ya moshi imerinwa kwa moto mwingi. Haikuharibika, ila mrinaji alikuwa na haraka. Ipo pia ya nyuki wadogo wasiouma, nyembamba kama maji, chachu kidogo, na ghali, kwa sababu mzinga mzima hutoa kidogo sana. Ukiionja, onja kwa kijiko, polepole, usiichanganye na kitu.

Na sasa naomba nizungumze na wenye gesti na hoteli za Mpanda moja kwa moja, kwa mapenzi. Nililala mahali fulani, nyumba safi, mashuka safi, watu waungwana. Asubuhi nikaletewa mkate wa dukani, blubandi, na kikopo cha jemu iliyosafiri kutoka nchi ya mbali. Nikauliza asali. Binti akasema, "Asali ipo nyumbani kwetu, hapa hatuna." Nilitamani kulia. Mkoa wa asali, mgeni anapewa jemu! Wageni wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ile iliyoanzishwa mwaka 1974, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,000, wengi wa nchi za mbali hushuka kwa ndege ndogo ndani ya hifadhi yenyewe na kuondoka bila kuuona mji. Hao tuwaache. Lakini wapo wanaopita Mpanda: wanafunzi, familia kutoka Mbeya na Tabora, watafiti, Watanzania waliochanga nauli waende Sitalike kuwaona viboko. Hao wanalala kwenu. Mnawapa nini cha kukumbuka?

Kuna wengine, nao wasikie, wanaofika na kunong'ona: "Nyamapori ipo?" Wanadhani kwa kuwa hifadhi iko jirani, kila kibanda kina nyati. Ndugu yangu, nyama ya kunong'oniwa usiile. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori, kuna leseni, kuna stakabadhi. Nyama isiyo na karatasi ni kosa la jinai kwa anayeiuza na kwa anayekutwa nayo, na hakuna daktari wa mifugo aliyeikagua. Usimwingize mama wa watu kwenye kesi kwa sababu ya hamu yako ya wiki moja.

Kitu kimoja zaidi kuhusu saa. Ilembo hula kwa saa zake, na mgeni anayekuja nje ya saa hizo hukuta masufuria yamepinduliwa. Supu ni alfajiri. Wachimbaji na madereva huimaliza mapema, na ifikapo saa tatu kinachobaki ni mchuzi na mifupa. Chapati huenda na supu hiyo. Vitumbua na mandazi ni vya wanafunzi, basi navyo ni mapema. Mchana ni saa saba. Ile saa niliyoisema mimi, ya kukaa na wapishi wenyewe, ni kati ya saa tisa na saa kumi. Jioni ndipo inapokuja mishikaki, mahindi ya kuchoma msimu wake, mihogo ya kukaanga yenye pilipili, na zile chipsi ambazo hamtaki nizitaje tena. Ukiwa na siku moja tu, iache jioni. Njoo saa tisa alasiri.

Nimezungumza na vijana wawili wa mjini wanaotaka kufungua mgahawa. Walinionyesha orodha ya vyakula: baga, piza, kuku wa kukaanga kwa unga. Niliwauliza nani anajua kupika mlenda. Wote wawili. Nani bibi yake anatengeneza udaga? Mmoja. Nani ana mjomba Ikola? Yule mwingine. Nikawaambia, mtaji mkubwa wa mgahawa wenu mnao nyumbani, na hakuna mshindani kutoka Dar es Salaam anayeweza kuja kuwanyang'anya. Walisema wataogopa watu kucheka. Inawezekana watacheka, siku za kwanza. Lakini nimeona kule Mwanza watu wenye suti wakigombea sahani ya sato na ugali wa muhogo, na Tanga mtu hujisifu kwa bada ya muhogo na kisamvu mbele ya wageni wake. Haya ya chakula cha nyumbani huondoka mara tu mtu mmoja anapokiweka kwenye sahani nzuri, kikiwa safi, kikiwa moto, na kuandika bei yake kwa maandishi makubwa.

Wameniahidi watajaribu siku moja kwa juma, Jumamosi. Mgebuka wa giza, udaga, mlenda wa karanga, uyoga ukiwa wa msimu wake, na asali ya Inyonga mezani badala ya sukari. Wasikilizaji mlioko Ilembo, mkiona ubao mpya wenye majina hayo, ingieni, kaeni, lipeni bei iliyoandikwa, na msiombe chipsi.